Samli kwenye Kamba ya Mkuki

Mkuki wa kurusha wa wanawake una uzito wa gramu mia sita. Niliambiwa hivyo na mwalimu wa michezo wa mjukuu wangu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, nikamjibu kwamba mwiko wangu wa kusongea ugali wa watu wengi ni mzito kuliko huo na sijawahi kupewa medali. Hakucheka. Mtu akishazoea kuning'iniza filimbi shingoni, kicheko huwa kinamtoka taratibu.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, baba akanitoa nikachunge ng'ombe. Ninakaa Mandewa, pembeni kabisa, pale nyumba zinapokwisha na alizeti zinapoanza. Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu. Niliachiwa akiwa mdogo, mama yake alipoolewa mara ya pili na yule mwanamume akasema nyumba yake ni ndogo, mtoto hatatosha. Nyumba niliiona. Nyumba ilikuwa kubwa tu, mdogo alikuwa yeye.

Mkono wake wa kurusha aliupata kwenye mtama. Ndege wa mtama wanakuja kwa maelfu, na usipowafukuza utavuna mabua. Watoto wetu huchukua fimbo nyembamba inayopinda, wanabandika donge la udongo kwenye ncha, wanachapa hewa, donge linaruka mpaka upande wa pili wa shamba. Wengine donge linawaangukia kichwani. Huyu wangu alikuwa anampiga ndege mmoja mmoja, na siku moja akampiga jirani yetu mgongoni akiwa chooni, choo ambacho hakina paa. Jirani alitoka ameshika suruali, ananiambia nimfundishe mtoto adabu. Nikamwambia nitamfundisha, na wewe ezeka choo.

Huyo mwalimu alimwona siku hiyo hiyo, au siku nyingine kama hiyo. Akaja nyumbani, akasalimia vizuri, shikamoo yake ilikuwa safi, akasema, "Bibi, huyu mtoto ana mkono."

"Anayo miwili," nikasema.

"Nataka nimfundishe mkuki."

Hapo ndipo majirani walipopata kazi. Kwetu Unyaturuni mkuki ni wa mwanamume. Wa marehemu mume wangu mpaka leo umesimama nyuma ya mlango wa chumba changu, na nikifagia ninafagia kuuzunguka. Mwanamke hauruki mkuki, haukanyagi, haupeleki kwa fundi. Yule jirani wa choo alikuja tena, safari hii amevaa koti ili nijue ni maneno mazito.

"Mama, mwanamke hashiki mkuki. Hayo mambo si ya kwetu."

"Na mwanamume kulala mpaka jua liko utosini wakati wa palizi, hayo ni ya kwetu?"

Alikunywa uji akaondoka. Mjukuu akaanza na mwanzi wenye ncha ya chuma aliyogonga mhunzi, anarusha kwenye uwanja wa shule asubuhi na jioni, mpaka mwalimu akaazima mkuki wa kweli, wa bluu, ulioletwa kutoka nje ya nchi. Akashinda wilaya, akashinda mkoa, akaitwa kwenye timu ya vijana ya taifa, wenye umri usiofika miaka ishirini. Mashindano yenyewe, ya nchi kadhaa, yangefanyika Arusha.

Sasa nieleze kilichokuwa mezani, msije mkadhani tulikuwa tunafukuzia sifa. Matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa mabaya. Hesabu alipata herufi ambayo sikujua kama wanaitumia. Mwanangu wa kiume anaishi Kiomboi, ameoa huko, amejifunza Kinyiramba na kusahau adabu, na ana duka la vipuri vya pikipiki. Alikuwa amekwisha kuamua: mtoto aje akae dukani, auze plagi na tairi. Mtoto hakutaka. Mimi pia sikutaka, kwa sababu ninamjua mke wa mwanangu. Lakini sikuwa na la kumpa badala yake. Ndipo mwalimu akaleta habari kwamba kuna chuo kinachofundisha walimu wa michezo, na mama mmoja wa chuo hicho atakuwa uwanjani Arusha. Mtoto yeyote wa timu yetu ya taifa atakayeingia katika wanane wa mwisho kwenye mchezo wake, chuo kinampokea na kumsomesha. Wanane wa mwisho, chuo. Wa tisa, Kiomboi.

Mwanangu nilimpigia simu nikamweleza. Akasema, "Sawa mama, mimi nitamsubiri hapa dukani." Kwa jinsi alivyosema hivyo ningeweza kumrushia mkuki mimi mwenyewe.

Siku moja kabla ya safari, mjukuu alikwenda Utemini kusuka nywele. Mkuki ulikuwa umelazwa kwenye mkeka chumbani kwake. Nikauangalia. Katikati una kamba iliyozungushwa, pale pa kushikia, na mwalimu alikuwa ameibadilisha wiki ile. Kamba mpya, kavu, inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nikafikiria kiganja cha mtoto.

Kila mwanamke wa kwetu anajua jambo hili: mpini mpya usiopakwa mafuta hula mkono. Ukinunua jembe, unapaka mpini samli, unauweka juani unywe, unapaka tena, unaweka juani, mara tatu. Baada ya hapo unalima ekari nzima na kiganja hakina lengelenge. Nimefanya hivyo tangu sijaolewa. Basi nikatoa samli yangu, ile nzuri niliyokuwa nimetunza kwa ajili ya wageni, nikaipaka ile kamba mara tatu, ikanywa vizuri sana. Nikaifuta na kipande cha khanga, nikafunga kitambaa safi juu yake isipate vumbi. Sikumwambia mtu. Niliona ni wema, na wema wa kutangaza ni biashara.

Kwenye basi la Arusha, konda aliuangalia mfuko mrefu.

"Bibi, hilo bomba liende kwenye buti."

"Si bomba. Ni mkuki."

"Mkuki! Bibi, mnakwenda vitani?"

"Tunakwenda Arusha."

"Basi tuko pamoja, mimi ndiko ninakoishi na mke wangu."

Buti sikukubali. Tuliulaza sakafuni, katikati ya viti. Na kwa kuwa mkuki haurukwi, kila kituo nilisimama nikaunyanyua, abiria wakapita chini yake wameinama kama wanaingia kanisani. Katesh mama mmoja mwenye mtungi kichwani alinitukana. Nilimsamehe. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma kabisa akijifanya hatujui.

Arusha kulikuwa na baridi ya kumkausha mbuzi. Tulilala kwenye mabweni ya shule, na asubuhi mikuki yote ilipelekwa kwa waamuzi kupimwa. Mwamuzi mmoja akafungua kitambaa changu, akaupima mkuki, akaandika, akauweka pamoja na mingine. Samli kwenye baridi huwa ngumu, kama nta. Wakati wa kupasha mwili moto, mjukuu aliurusha mara mbili na haukuwa na neno. Alisema tu kamba imenenepa kidogo. Kisha mikuki ikasimamishwa kwenye fremu yake, juani, ikisubiri wakimbiaji wamalize kuzunguka. Walizunguka sana. Jua la Arusha likachelewa kuja, lakini lilipokuja lilikuja na hasira.

Mimi nilikaa jukwaani na mwalimu. Safu mbili mbele yetu alikaa yule mama wa chuo na daftari lake. Mwalimu akanieleza: wasichana wako kumi na wanne, kila mmoja anarusha mara tatu, kisha wanane wenye mirusho mirefu wanaongezewa mitatu, wengine wanavaa viatu wanakwenda. Bendera nyeupe, umepimwa. Bendera nyekundu, umetupa bure. Na mkuki ukishatua, mtu anaurudisha kwa kutembea nao umesimama wima, haurushwi kurudi. Hiyo ni sheria ya kwanza ya hawa watu niliyoona ina akili.

Mjukuu wangu akaitwa. Alikimbia vizuri, mguu huu mbele ya huu, akavuta mkono nyuma, akaachia. Mkono ulikwenda mbele, mkuki ukaenda pembeni. Ulipaa ukijizungusha kama samaki aliyeponyoka, ukatua mbali na uwanja wake, karibu na mzee wa vipimo aliyekaa chini ya mwavuli. Mzee yule alikimbia na kiti kikiwa bado kimemshika.

Bendera nyekundu.

Mtoto akasimama. Akaangalia kiganja chake. Akakiinua, akakinusa. Kisha akageuka taratibu, akaanza kunitafuta jukwaani.

"Mbona ananusa mkono?" mwalimu akauliza.

"Sijui," nikasema. Mimi, mzee wa kanisa.

Mara ya pili alijipaka chaki mikononi, nyingi, mpaka kwenye viwiko. Samli na chaki ukivichanganya unapata uji. Nilimwona akijifuta kwenye kaptula, akajipaka tena, akajifuta tena. Mrusho wa pili ulipata bendera nyeupe, lakini mkuki ulianguka karibu, kama jogoo aliyetupwa nje ya ua. Akawa wa kumi na mbili. Umebaki mrusho mmoja.

Mwalimu akasimama. "Chukua mwingine!" akapiga kelele. "Azima wa mwenzako!" Sheria inaruhusu, mwenye mkuki akikubali. Mtoto akatikisa kichwa, hapana. Akarudi kusugua kamba na jezi yake.

"Huyu ana nini leo?" mwalimu akasema. "Kwa nini haazimi? Kuna mikuki kumi pale!"

Nilijua kwa nini. Ni mimi niliyemlea. Nyumbani kwangu kifaa cha mtu hakiombwi mwenyewe akiwa kazini. Mwenzako analima, huendi kumwambia nipe jembe lako kidogo. Unasubiri amalize, au unalima kwa mikono. Alipokuwa na miaka minane alimwomba jirani shoka wakati jirani anapasua kuni, nikamrudisha akaombe msamaha, akapiga magoti. Hilo halijamtoka.

"Mwalimu," nikasema, "ile kamba niliipaka samli."

Akanigeukia. "Samli."

"Ya ng'ombe. Safi kabisa."

"Bibi. Kwa nini?"

"Isimle mkono."

Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Nadhani kama si zile shikamoo alizofundishwa na mama yake, siku ile ningesikia maneno mapya. Akasema tu, "Basi shuka ukamwambie wewe. Mimi amekwisha kunikatalia."

Nikashuka zile ngazi. Goti langu la kushoto halipendi ngazi, lakini siku ile halikuulizwa. Nikafika kwenye uzio, nikamwita kwa Kinyaturu, ili aibu ibaki nyumbani. Akaja. Macho yake yalikuwa mekundu lakini hakuwa analia. Alikuwa na hasira, jambo ambalo ni bora.

"Bibi, hii ni samli?"

"Ni samli."

"Umepaka wewe?"

"Kwani apake nani, mke wa mjomba wako? Nenda kaazime mkuki."

"Ni wewe uliyesema kifaa cha mtu hakiombwi akiwa kazini."

"Nilisema jembe."

"Ulisema kifaa."

Kweli nilisema kifaa. Huyu mtoto hesabu zinampita, lakini maneno yangu ameyahifadhi yote, kama karani.

"Leo ninaitengua hiyo sheria," nikamwambia. "Ukienda Kiomboi kuuza plagi, utawaambia watu adabu ya bibi yako ndiyo iliyokupeleka? Nenda. Omba. Ukiona aibu, niachie mimi hiyo aibu, nina mahali pa kuiweka."

Akanitazama. Kisha akaenda kwa msichana mrefu wa Kenya, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi, mkuki wake mwekundu umelala pembeni. Waliyozungumza aliniambia baadaye.

"Dada, naomba mkuki wako. Wangu umepakwa samli."

"Umepakwa nini?"

"Samli. Na bibi yangu."

Yule msichana alicheka mpaka akalala chali. Mimi pale kwenye uzio niliona tu miguu mirefu ikipigapiga hewa. Kisha akainuka, akampa mkuki kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa.

"Shika. Lakini usinipite nao."

Mjukuu wangu alijifuta mkono kwa udongo wa pembeni ya njia ya kukimbilia, udongo kama wa shambani. Akakimbia. Nilikuwa bado kwenye uzio, nimeshika waya. Alipoachia niliona bega lake likifanya kile linachofanya kwenye mtama, lile la kuchapa hewa, na mkuki mwekundu ukaondoka kimya, haujizungushi, haubishani na mtu. Ukachoma ardhi kwa ncha.

Bendera nyeupe. Nyuma yangu nilimsikia mwalimu akipiga ile filimbi yake, ambayo hakuruhusiwa kuipiga mle ndani, na askari akaja kumnyang'anya.

"Wa nane!" alikuwa anaimba, huku askari amemshika mkono. "Bibi, wa nane!"

Halafu akaangalia ubao wa majina na matokeo. Akashuka mpaka nilipo.

"Bibi, unajua aliyekuwa wa nane kabla yake ni nani?"

Sikuhitaji kuambiwa. Yule msichana mrefu alikuwa amekwisha simama, amewekewa mkuki wake mwekundu mkononi, na alikuwa na mrusho mmoja uliobaki. Nitasema ukweli kwa sababu ni mzee na sina wa kumdanganya: nilimwomba Mungu yule msichana akosee. Niliomba mara moja tu, kisha nikaona haya, nikaomba arushe vizuri lakini si vizuri sana. Mungu akachagua ombi la pili. Alirusha vizuri. Ulipungua urefu wa kiatu changu.

Akavua viatu vyake vya misumari, akakaa. Mjukuu wangu akaenda kusimama mbele yake, hajui aweke wapi mikono. Kulikuwa na mirusho mitatu ya kuongezewa, na mkuki wake wa bluu bado unanuka jikoni.

"Sasa unasimama nini?" yule msichana akamwambia. "Utarusha na nini, na mandazi? Chukua. Umenitoa kwa mkuki wangu mwenyewe, angalau usinitie aibu."

Akarusha mara tatu. Hakuongeza kitu. Alikuwa amechoka, na nadhani ule mkuki sasa ulikuwa mzito kuliko gramu mia sita. Akabaki wa nane, wa mwisho katika waliobaki. Mama wa chuo akaandika kwenye daftari, akanyanyua kichwa, akamwita mwalimu. Ilichukua dakika chache kuliko kuchambua mchele. Chuo kimepatikana, aripoti akiwa na vyeti vyake na barua ya mlezi. Mlezi ni mimi. Barua nikaiandika mimi mwenyewe pale pale, kwa herufi kubwa, na sikukosea.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta yule msichana mrefu. Alinipa shikamoo kabla sijafungua mdomo.

"Marahaba. Samahani, mwanangu. Ni mimi niliyepaka."

"Bibi, kwetu hiyo tunakula," akasema.

"Hata kwetu tunakula."

"Basi siku nyingine utupikie, usirushe."

Nilimkumbatia. Alinuka jasho na nyasi. Kumwambia samahani hakukunigharimu chochote, kwa kuwa alikuwa mtoto wa watu.

Mwanangu alipiga simu tukiwa tunaingia kwenye basi la kurudi. "Mama, amekuwa wa ngapi?"

"Wa nane."

"Wa nane tu?"

"Wa nane tu. Tafuta mtu mwingine wa kukaa dukani, au kaa wewe." Nikakata.

Lakini mtoto mwenyewe alikuwa hajasema na mimi tangu uwanjani. Alinibebea mfuko, alinipa dirisha, alininunulia maji, yote ya adabu, bila neno. Tukapita Makuyuni, tukapita Babati. Na mimi nilijua anachosubiri, na nilijua hatakipata, kwa sababu kwetu mtu mzima hamwombi mtoto wake msamaha. Ukimkosea mtoto unamwuliza kama amekula. Anaelewa. Mama yangu aliniuliza hivyo mara nyingi, na mimi nimewauliza wanangu.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Nimekula, bibi."

Haikutosha. Niliona kwamba haikutosha. Nikafikiria yule mrefu amekaa kwenye nyasi bila viatu, na huyu wangu aliyeingia chuoni kwa kumtoa mwenzake, kwa ajili ya samli yangu, na ataubeba huo mzigo miaka mingi, na hajanipa hata punje ya lawama. Tulikuwa tunapanda kuelekea Katesh. Nikageuza uso dirishani, nikaangalia mlima uliokuwa nje, nikasema.

"Samahani."

Basi likabadilisha gia.

"Bibi," mjukuu akasema taratibu, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, "unaumwa?"

"Siumwi."

"Unaumwa wapi?"

"Nimesema siumwi. Nimesema samahani. Mara ya tatu sisemi."

Akatoa mkono. Nilimsikia akijizuia, kisha akashindwa, akacheka kwa ile sauti yake ya puani, mpaka mwalimu kule nyuma akauliza kuna nini. Hakumjibu. Alilaza kichwa kwenye bega langu, nalo ni bovu kama goti, na sikumwambia linauma.